Joe Louis: bondia wa ridhaa aliyeangushwa mara saba akawa bingwa wa dunia

Katika historia ya mchezo wa ngumi, jina la Joe Louis wa Marekani limo miongoni mwa majina machache yasiyofutika. Alishika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu mwaka 1937 hadi mwaka 1949, akautetea mara 25, na hata leo hakuna bondia wa uzito huo aliyeifikia rekodi yake. Wengi wanaolijua jina hilo hukumbuka usiku alipomlaza sakafuni Mjerumani Max Schmeling. Ni wachache wanaojua kwamba siku alipopanda ulingoni kwa mara ya kwanza, akiwa bondia wa ridhaa asiyejulikana na mtu, aliangushwa mara saba. Makala haya yanaeleza njia aliyoipita kijana huyo tangu siku ile ya aibu, kwa kuwa humo ndimo lilimo funzo kwa vijana wetu na kwa wale wanaowafundisha.

MTOTO WA SHAMBA LA PAMBA

Joseph Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei, 1914, karibu na mji mdogo wa LaFayette katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa saba kati ya wanane. Wazazi wake, Munroe na Lillie Barrow, walikuwa wana wa watu waliopata kuwa watumwa. Hawakuwa na ardhi yao. Walilima pamba katika shamba la mtu kwa mapatano ya kugawana mavuno na mwenye shamba, mtindo uliowaacha wakulima wengi weusi wa kusini katika deni lisilokwisha mwaka hata mwaka.

Joe alikuwa bado mdogo sana baba yake alipopelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye mama aliletewa habari kwamba mumewe amefariki dunia, naye akaolewa na mgane mmoja, Pat Brooks, aliyekuwa na watoto wake mwenyewe. Kumbe Munroe Barrow alikuwa hai. Aliishi hospitalini humo hadi mwaka 1938, wakati mwanawe alikwisha kuwa bingwa wa dunia, na inasemekana alikufa bila ya kuijua habari hiyo.

Mwaka 1926 familia ilihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari kaskazini mwa nchi, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi waliokimbia umaskini na vitisho vya wabaguzi wa kusini. Pat Brooks alipata kazi katika kiwanda cha Ford. Joe, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alikuwa nyuma sana katika masomo hata akaketishwa darasani pamoja na watoto wadogo kuliko yeye. Alikuwa mpole, mzito wa kusema. Hatimaye walimu walimwelekeza kwenye shule ya ufundi, akajifunza useremala.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliikumba Detroit kwa ukali. Viwanda vilipunguza watu, na familia ya Brooks ikalazimika kupokea posho ya masikini kutoka kwa halmashauri ya mji. Joe alifanya kibarua cha kupeleka barafu majumbani, akipandisha mapande mazito ngazini kutwa nzima. Kazi hiyo ndiyo iliyoanza kuyajenga mabega yake. Jambo moja lafaa kutajwa hapa, kwani laonyesha malezi aliyoyapata: alipoanza kupata fedha za ngumi, Joe alikwenda kuirudishia halmashauri posho yote ambayo familia yake ilikuwa imepokea.

FIDLA NA GLAVU

Mama Lillie hakuwa na nia ya kumwona mwanawe akipigana. Alitaka awe fundi, na zaidi ya hayo awe mpiga muziki. Kila wiki alijinyima senti 50 akampa Joe za kulipia masomo ya kupiga fidla. Lakini rafiki yake mmoja, Thurston McKinney, aliyekuwa tayari bondia wa ridhaa, alimwalika katika ukumbi wa mazoezi wa Brewster, mahali palipokusanya vijana wengi weusi wa Detroit. Siku hiyo fidla ilipoteza mwanafunzi. Senti 50 za mama zikaanza kulipia kabati la kuwekea nguo za mazoezi. Inasimuliwa kwamba kijana alikuwa akificha glavu ndani ya sanduku la fidla, na kwamba aliliacha jina la Barrow ulingoni, akabaki na Joe Louis, ili mama yake asipate kujua.

Katika ngumi za ridhaa za wakati ule bondia hakupewa fedha. Alipigana raundi tatu, waamuzi walihesabu pointi, na mshindi alipata kikombe au nishani. Katika Detroit ya miaka ile wapiganaji walipewa pia hati ya kuchukulia bidhaa dukani. Kwa familia yenye njaa, hati hiyo ilikuwa na maana kubwa.

Pambano lake la kwanza lilikuwa mwishoni mwa mwaka 1932. Mpinzani wake alikuwa Johnny Miler, ambaye miezi michache kabla ya hapo aliiwakilisha Marekani katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Kijana aliyejifunza ngumi kwa muda mfupi alikutanishwa na mtu aliyetoka Olimpiki. Miler alimwangusha mara saba. Mara saba Louis aliinuka, na pambano likaisha kwa kushindwa. Alirudi nyumbani na uso uliovimba na hati ya dola saba, akamkabidhi baba yake wa kambo.

Baba wa kambo hakuficha mawazo yake. Alimshauri aachane na ngumi, akatafute kazi ya maana. Joe alitii. Aliingia katika kiwanda cha Briggs kilichotengeneza mabodi ya magari, kazi yake ikiwa ni kuyasukuma mabodi hayo kutwa hadi mgongo ukawa hauwezi kunyooka. Hapo ndipo alipoyapima maumivu ya aina mbili, yale ya ulingo na yale ya kiwanda, akaona kwamba ya ulingo yana mwisho mwema zaidi kwa mtu atakayekubali kujifunza. Mama yake, ambaye sasa alikwisha kuijua siri ya fidla, alimruhusu arudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

KURUDI DARASANI

Aliporudi Brewster, Louis hakwenda kutafuta mapambano. Alikwenda kujifunza. Walimu wake walikuwa Atler Ellis na Holman Williams. Williams alikuwa bondia hodari, kijana tu aliyempita Louis kwa ustadi wala si kwa miaka. Louis alikuwa na nguvu nyingi katika mkono wa kulia, lakini alikuwa mwepesi wa kupigwa. Ilimbidi afundishwe mambo ya msingi: namna ya kusimama, namna ya kutanguliza mkono wa kushoto ulionyooka ili kumzuia adui na kumpima, na namna ya kuulinda uso baada ya kupiga. Yeyote aliyepata kufundishwa gwaride anajua kwamba mambo kama haya hayana utamu. Hurudiwa mara elfu hadi mwili uyafanye bila ya kuuliza.

Matunda yalionekana upesi. Katika mwaka 1933 alishinda mashindano ya Golden Gloves ya Detroit katika uzito wa ratili 175, ulio chini ya ule wa juu. Mwaka huo huo alifika fainali ya ubingwa wa taifa wa ridhaa huko Boston, akakutana na Max Marek, mwanafunzi wa chuo kikuu. Marek alimshinda kwa pointi. Kwa mara nyingine Louis alirudi Detroit mikono mitupu, na kwa mara nyingine alirudi katika mazoezi.

Mwaka 1934 hapakuwa na wa kumzuia. Alishinda mashindano ya Golden Gloves ya Chicago yaliyokusanya mabingwa wa miji mingi. Kisha, mwezi Aprili, mjini St. Louis, alitwaa ubingwa wa taifa wa Marekani kwa mabondia wa ridhaa, ubingwa ule ule uliomponyoka mwaka mmoja nyuma. Rekodi yake ya ridhaa inayotajwa mara nyingi ni mapambano 54, akishinda 50, na 43 kati ya hayo kwa kumwangusha mpinzani asiinuke. Ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu Miler amwangushe mara saba.

KIVULI CHA JACK JOHNSON

Kuwa bingwa wa ridhaa kulikuwa jambo moja. Kuruhusiwa kuugombea ubingwa wa dunia kulikuwa jambo jingine kabisa kwa mtu mweusi. Mtu mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa uzito wa juu, Jack Johnson, aliutwaa mwaka 1908 na kuupoteza mwaka 1915. Wabaguzi walimchukia kwa ushindi wake na kwa maisha yake ya kutojali mipaka waliyomwekea. Alipomshinda Jim Jeffries mwaka 1910 zilizuka ghasia katika miji mingi, na watu weusi wakauawa. Tangu Johnson aliposhindwa, hapakuwa na bondia mweusi hata mmoja aliyepewa nafasi ya kugombea taji hilo.

Waliomsimamia Louis waliijua vyema historia hiyo. John Roxborough wa Detroit na Julian Black wa Chicago, wote wawili watu weusi, ndio waliokuwa mameneja wake. Mwalimu waliyemtafutia alikuwa Jack Blackburn, mzee mweusi aliyepigana miaka mingi na kuonja gerezani. Mwanzoni Blackburn alisita, kwa kuwa aliamini kwamba mtu mweusi wa uzito wa juu hana mustakabali. Alipokubali, alimfundisha Louis kutuliza miguu, kupiga makonde mafupi yanayofuatana, na kutowaachia majaji nafasi ya kumdhulumu kwa pointi. Roxborough naye alimwekea amri za maisha: asimcheke mpinzani aliyeanguka, asijigambe, asipigwe picha akiwa na wanawake wa kizungu. Leo amri hizo zaweza kuonekana za kudhalilisha. Katika siku zile zilikuwa gharama ya kufunguliwa mlango.

Tarehe 4 Julai, 1934, mjini Chicago, alipigana kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa. Alimwangusha Jack Kracken katika raundi ya kwanza. Malipo yake hayakufika dola 60.

Mwaka uliofuata jina lake lilivuka bahari. Tarehe 25 Juni, 1935, mbele ya watu zaidi ya 60,000 katika uwanja wa Yankee mjini New York, alipambana na Primo Carnera wa Italia, jitu lililopata kuwa bingwa wa dunia na ambalo serikali ya Mussolini ilijivunia. Wakati huo huo majeshi ya Mussolini yalikuwa yakijiandaa kuivamia Ethiopia, na yaliivamia mwezi Oktoba mwaka huo. Kwa watu weusi wa Marekani pambano hilo halikuwa tena la watu wawili. Walimwona Louis amesimama mahali pa Ethiopia, na Carnera mahali pa dola lililotaka kuimeza. Carnera aliangushwa mara tatu katika raundi ya sita, na mwamuzi akalisimamisha pambano.

SHULE YA KUSHINDWA

Sifa ni mwalimu mbaya. Mwaka 1936 Louis, aliyekuwa hajashindwa hata mara moja katika ngumi za kulipwa, alipangiwa kupigana na Max Schmeling wa Ujerumani, bingwa wa zamani ambaye wengi walidhani amekwisha. Louis alifanya mazoezi kwa ulegevu, akitumia saa nyingi katika mchezo mpya alioupenda, gofu. Schmeling alifanya kazi tofauti. Aliketi akazitazama filamu za mapambano ya Louis, akagundua kosa moja: kila baada ya kupiga konde la kushoto, Louis alikuwa akiushusha mkono huo kabla ya kuurudisha mahali pake. Tarehe 19 Juni, 1936, Schmeling aliitumia nafasi hiyo usiku kucha kwa mkono wake wa kulia, na katika raundi ya 12 Louis alihesabiwa hadi kumi. Kosa lililompoza lilikuwa la somo la kwanza kabisa la Brewster.

Louis na Blackburn walirudi kwenye somo hilo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Juni, 1937, mjini Chicago, alipewa nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya James Braddock. Katika raundi ya kwanza Braddock alimwangusha. Louis aliinuka, akatulia, akautumia mkono wa kushoto kama alivyofundishwa, na katika raundi ya nane Braddock alilala. Baada ya miaka 22 ubingwa wa uzito wa juu ulirudi mikononi mwa mtu mweusi.

Hata hivyo, Louis mwenyewe hakujihesabu kuwa bingwa kamili hadi atakapolipa deni la Schmeling. Walikutana tena katika uwanja wa Yankee tarehe 22 Juni, 1938, mbele ya watu wapatao 70,000, ulimwengu ukiwa unaelekea vitani na serikali ya Hitler ikimfanya Schmeling kuwa kielelezo cha ubora wa kabila lake. Pambano lilichukua sekunde 124 tu. Ni haki pia kusema kwamba Schmeling hakupata kuwa mwanachama wa chama cha Nazi, alikuwa na meneja Myahudi, na mwezi Novemba mwaka huo aliwaficha watoto wawili wa Kiyahudi wakati wa mashambulizi ya Wanazi. Baada ya vita watu hawa wawili walikuwa marafiki.

ASKARI MWENYE NAMBARI

Vita vilipoifikia Marekani, tarehe 9 Januari, 1942, Louis alipigana na Buddy Baer na kuyatoa malipo yake yote kwa mfuko wa kusaidia familia za wanamaji. Siku iliyofuata alijiandikisha jeshini akiwa askari wa kawaida, mshahara dola 21 kwa mwezi. Mwezi Machi alimpiga Abe Simon, na malipo yake akayatoa kwa mfuko wa nchi kavu. Jeshi lilitoa bango lenye picha yake akiwa ameshika bunduki yenye singe, na bango hilo lilibandikwa nchi nzima. Ofisa yeyote wa uhusiano anajua kwamba picha kama ile haiwezi kununuliwa kwa fedha. Louis aliitoa bure.

Jeshi alilolitumikia lilikuwa bado likiwatenga watu kwa rangi. Akiwa katika kambi ya Fort Riley, alikuta vijana weusi wenye elimu wakinyimwa nafasi katika shule ya maofisa, mmojawapo akiwa Jackie Robinson, aliyekuja kuwa mchezaji maarufu wa besiboli. Louis alitumia jina lake kufikisha malalamiko yao Washington. Robinson alipata mafunzo hayo na kuvikwa cheo cha luteni mwaka 1943. Katika miaka ya vita Louis alifanya maonyesho 96 ya ngumi, yaliyotazamwa na askari wapatao milioni mbili, naye alidai kwamba askari weusi na weupe waketi pamoja. Alitoka jeshini mwaka 1945 akiwa sajini, na nishani ya heshima kifuani.

DENI

Baada ya vita yakaja yasiyotarajiwa. Idara ya kodi iliyahesabu malipo yale aliyoyatoa kwa mifuko ya jeshi kuwa mapato yake, ikamdai kodi. Wahasibu wake hawakuwa waangalifu, yeye mwenyewe alikuwa mkarimu kupita kiasi, na viwango vya kodi vilikuwa vya juu sana. Deni, pamoja na riba, lilipita dola milioni moja. Alistaafu akiwa bingwa mwaka 1949, lakini deni lilimrudisha ulingoni. Mwaka 1950 Ezzard Charles alimshinda kwa pointi, na tarehe 26 Oktoba, 1951, kijana Rocky Marciano alimwangusha nje ya kamba katika raundi ya nane. Baadaye alicheza mieleka ili apate fedha, na mwisho akaajiriwa kuwapokea wageni katika hoteli moja ya kamari mjini Las Vegas. Serikali ilikuja kukubali kumtoza kodi ya mapato yake mapya tu, lakini miaka mingi ilikuwa imekwisha kupita.

Joe Louis alifariki tarehe 12 Aprili, 1981, akiwa na umri wa miaka 66. Kwa ruhusa maalumu ya Rais Reagan alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Miongoni mwa waliochangia gharama za mazishi alikuwa Max Schmeling.

Katika nchi zetu mabondia wengi wa ridhaa wamelelewa katika klabu za majeshi, polisi na magereza. Mwalimu wa klabu hizo anapomwona kijana ameangushwa katika pambano la kwanza, asiharakishe kumfuta katika daftari. Amtazame kama anainuka, kisha kama yuko tayari kurudi katika somo la kwanza. Walimu wa Brewster walimfundisha Joe Louis asiushushe mkono wa kushoto, naye aliposahau, aliadhibiwa, akakumbuka. Hakuna aliyemfundisha kusoma mkataba, kutunza hesabu na kujua kodi yake, na kosa hilo halikumpa nafasi ya pambano la marudiano. Klabu inayomfundisha kijana konde bila ya kumfundisha hesabu imemfanyia nusu ya kazi. Na taifa linalozipokea ngumi za mtu katika siku ya shida lina wajibu wa kumtunza akiwa hai, lisingoje kumpigia mizinga kaburini.